Umeanguka Mara Ngapi

Mimi Annie sina subira. Nalisema mapema, asije mwingine akanisemea. Kazi yangu ni kine, mtu wa kuzoeza miguu na migongo ya wagonjwa, na ukitafuta kazi inayodai subira kuliko hiyo utachoka njiani. Lakini wiki ile ya magoti naikumbuka kwa raha, hata na hasira zake zote. Sijawahi kwenda kazini mbio kama nilivyokwenda wiki ile.

Magoti yenyewe yalikuwa kumi na moja. Nasema magoti ya bandia, ya chuma na plastiki, yale yanayowekwa mahali pa goti lililolika. Hospitali yetu hapa Bunia ni ndogo, haikuwa imewahi kuyaona ila kwenye picha, na sasa Docteur Théodore alikuwa anakuja nayo kutoka Kisangani, yeye mwenyewe na vyombo vyake, siku kumi nzima. Mkurugenzi alipotusomea barua Jumatatu asubuhi nilipiga mkono mezani mpaka chai ya jirani yangu ikamwagika. Wagonjwa waliokuwa wanangoja kwenye orodha yetu walikuwa kumi na tisa. Wengine walikuwa wamengoja miaka, wanakuja kwangu kila Jumanne, ninawapa mazoezi, wananipa shukrani, na magoti yanaendelea kulika.

Kumi na tisa kwa magoti kumi na moja. Kwa hiyo Docteur Théodore alituma fishi, karatasi ya maswali, ya kupima nani yuko kwenye hatari ya kuanguka. Sababu yake ni rahisi: mgonjwa anayeangukaanguka nyumbani huku anangoja anaweza kuvunja nyonga, na akiivunja, hilo goti jipya atalisikia kwa wenzake tu. Huyo apite mbele. Asiyeanguka anaweza kungoja zamu nyingine, pengine mwakani, pengine Mungu anajua lini. Fishi ilikuwa na mambo mawili makubwa. La kwanza ni jaribio la kiti: mgonjwa anakaa, anasimama, anatembea mita tatu, anageuka, anarudi, anakaa, na mimi nimeshika saa. La pili ni swali moja: tangu mwaka jana, umeanguka mara ngapi? Fishi ilikuja kwa Kifaransa. Mimi ndiye niliyeigeuza kwa Kiswahili, kwa dakika kumi, na nikajisifu kwa kila mtu aliyepita koridoni.

Sasa niwaambie habari ya Mama Musoki. Ukipita mtaa wa Ngezi asubuhi huwezi kumkosa. Ni mama wa miaka sitini na nne, mnene kidogo, kitambaa kimefungwa sawasawa kichwani, na kazi yake ya kwanza kila siku ni kusalimia watu. Anasimama kwenye kila lango, anashika miti ya ua, anauliza habari ya baba, ya watoto, ya mbuzi, ya yule shangazi aliyeenda Mambasa. Watu wanampenda kwa ajili hiyo. Mimi tu, kwa kuwa najua magoti, nilikuwa naona kwamba kati ya lango na lango hasalimii mtu, anauma meno.

Alitoka Butembo akiwa kijana, na mali yake ilikuwa cherehani moja ya kukanyaga kwa miguu. Cherehani hiyo ilimlisha, na ndiyo iliyomla magoti. Miaka arobaini anakanyaga. Kwaya ngapi za mji huu zimeimba ndani ya nguo alizoshona, hata yeye hajui. Kanisani kwao ni shemasi na kiongozi wa akina mama; akisema kitambaa cha Pasaka ni kijani, basi ni kijani, nenda ukanunue. Mume hakuwa naye, watoto hakuwa nao, ndivyo tulivyojua. Alikuwa na goti la kulia ambalo usiku halimpi usingizi, na kitu kimoja alichokitaka duniani, kwa maneno yake mwenyewe, ni kukanyaga cherehani tena bila kulia.

Jumanne niliwaita wote. Chumba changu cha kazi hakifiki mita tatu, kwa hiyo jaribio nililifanyia koridoni. Nikachora mistari miwili kwa chaki, nikaweka kiti, wagonjwa wamekaa kwenye mabenchi pande zote mbili wanatazama na kutoa maoni. Mama Musoki alikwenda na kurudi kwa sekunde kumi na tatu. Nilishangaa, kwa goti lile. Kisha nikamuuliza kwa sauti, maana kulikuwa na kelele:

"Mama Musoki, tangu mwaka jana umeanguka mara ngapi?"

Alijinyoosha pale kitini. Kwenye benchi ya karibu alikuwa amekaa Mama Claire, mwenzake wa kanisani, naye anangoja goti, na ni mtu ambaye habari ikimpita siku hiyo anaugua. Mama Musoki akamtazama yeye, kisha akanitazama mimi.

"Hata mara moja," akasema. "Mimi ninasimama."

Nikaandika sifuri. Mama Claire naye akasema sifuri, tena kwa kukasirika. Aliyemfuata sifuri. Muzee Bruno, mfugaji wa ng'ombe, aliniinulia fimbo: "Binti, mi sina ugonjwa ya kuanguka. Kwetu hakuna mutu mwenye iko nayo." Mpaka jioni nilikuwa na sifuri kumi na sita. Damu ilinichemka. Magoti haya nimeyashika kwa mikono yangu, nayajua moja moja, na wenyewe wananiambia hawajaanguka. Nilisema mbele ya wenzangu kwamba watu wa mji huu wanadanganya hata pale uongo unapowaumiza, na nikapanga orodha kama fishi ilivyotaka. Mama Musoki akawa wa kumi na nne. Magoti ni kumi na moja.

Jumatano baada ya kazi nilipita kwake Ngezi kujaribu nguo aliyokuwa ananishonea kwa ajili ya arusi ya mdogo wangu. Alikunja mikono ya blauzi yake ili anipime mabega, na hapo nikaona mkono wake wa kushoto, kutoka kiwiko mpaka karibu na kifundo, umekuwa mweusi na wa zambarau.

"Mama, hii mukono imepata nini?"

"Ah, ni goti tu. Iko inanikatalia. Juzi ilinitupa chini pa mulango ya jiko."

"Ilikutupa mara ngapi?"

"Mwezi hii? Mara ine."

Nilitoa pini begani mwangu moja moja, polepole, nisije nikamchoma mtu. "Mama Musoki. Jana nilikuuliza kama umeanguka."

"Uliniuliza kama nimeanguka," akasema. "Mu corridor. Mbele ya batu. Na Mama Claire iko anasikiliza."

Hapo ndipo akili ilinirudia, nikaona aibu mpaka masikioni. Mimi pia nimelelewa kanisani, hapa hapa Bunia. Nalijua neno hilo tangu utoto. Goti likikutupa ni goti. Lakini mtu wa kanisa akisemwa kwamba ameanguka, hakuna anayeuliza kama ameumia. Wanauliza na nani. Na nje ya kanisa ndiyo mbaya zaidi, maana ugonjwa wa kuanguka ni kifafa, na nani atakubali hilo mbele ya majirani? Mimi, msomi, nimevaa blauzi nyeupe ya hospitali, nimewauliza wazee wa watu koridoni: umezini mara ngapi, una kifafa mara ngapi. Na nikawaita waongo.

Nilianza kucheka. Mama Musoki hakucheka. Aliketi kwenye kiti chake cha cherehani, akaniambia jambo ambalo hapa Bunia hakuwahi kumwambia mtu.

Mwaka wa themanini na mbili, huko Butembo, alikuwa na miaka ishirini na moja, mwimbaji wa kwaya, na akapata mimba bila mume. Jumapili moja walimwita mbele na kutangaza: Musoki ameanguka. Miezi minane alikaa benchi ya nyuma kabisa, hashiriki meza ya Bwana, na watoto wa shule ya Jumapili wakigeuka kumtazama walipigwa kofi. Mtoto alipozaliwa, dada yake mkubwa, yaya yake kama tunavyosema hapa, alimchukua akamlea na wake. Ndiye Olivier. Sasa ni mtu mzima, anafanya kazi ya duane, ushuru wa mpakani, huko Aru, na kila mara akija Bunia na samaki wakavu watu wa Ngezi wanamjua kuwa mtoto wa dada yake. Yeye mwenyewe anajua, lakini anamwita mama mudogo. Hivyo ndivyo walivyopatana, na hivyo ndivyo amemwita miaka yote.

"Ile neno walinisemeaka mara moja," akasema. "Inatosha."

"Basi tuliache neno hilo," nikamwambia. Nilikuwa nimekwisha kusimama, nimefurahi, nguo bado ina pini mgongoni. "Nitaandika: goti limemtupa mara nne. Kesho nitawauliza wote upya hivyo hivyo."

"Uliza bengine. Yangu acha zéro."

"Kwa sababu gani?"

"Juu mwisho yake itasomwa. Docteur atasoma kwa sauti, Mama Claire atasikia, kesho iko mu kanisa. Mi ni shemasi, Annie. Na tena jana nilimeza dawa mbili ya maumivu mbele ya kuja, njo maana nilitembea mbio. Nilitaka muone niko na nguvu. Nilifikiri mwenye nguvu njo wanapasua."

Hapo hasira ilinipanda kweli. Nilimwambia maneno yasiyo na adabu: kwamba atabaki na goti lake na heshima yake, na siku atakapovunja nyonga asimwite Annie. Nikaondoka. Nilifika nyumbani na pini nne mgongoni, na kila moja nilistahili.

Lakini Alhamisi ilikuwa siku nzuri kuliko siku zote nilizowahi kufanya kazi. Nilibadilisha swali tu. Nilimwita kila mtu chumbani, mlango umefungwa, nikauliza: goti limekukatalia mara ngapi, limekutupa chini mara ngapi? Loo, walifunguka. Muzee Bruno alisema lilimtupa ndani ya zizi mara tatu, na mara ya tatu ng'ombe wakamzunguka wakimnusa mpaka jirani akaja kumwinua. Mama Claire limemtupa mara mbili, mara moja akiwa amebeba sufuria ya maharagi ya kamati nzima. Mgonjwa mmoja alikuwa amesafiri Niania; nilimpigia simu, akapanda mahali penye réseau, simu inaposhika, akanihadithia kila anguko kwa tarehe, na mengine akayarudia kwa kuwa yalimpendeza. Nilikuwa naandika mkono unauma. Watu kumi na sita waliokuwa sifuri wakawa kumi na tano wenye hesabu. Niliwaomba msamaha wote, na si kazi yangu ya kawaida.

Jioni nilipanga orodha upya. Mama Musoki, mwenye sifuri yake na sekunde zake kumi na tatu, alikuwa wa kumi na tisa. Wa mwisho kabisa. Mimi ndiye niliyemshusha, kwa kuwauliza wengine vizuri. Kalamu ilikuwa mkononi, mara nne ya kweli naijua, hakuna aliyekuwa ananitazama. Sikuandika. Fishi ya mgonjwa ni maneno ya mgonjwa, na kama ningemwandikia kwa siri ningekuwa nimemtangaza kama wale wa Butembo. Nilimtumia ujumbe: docteur anarudia jaribio kesho saa tatu, njoo bila dawa. Hakujibu.

Ijumaa saa tatu korido ilijaa mpaka ngazini. Docteur Théodore ni mtu mrefu, mpole, Kiswahili chake kimechanganyika na Lingala, na alitaka kuwaona wote yeye mwenyewe. Nilimpa mafungu ya fishi. Wagonjwa walikwenda na kurudi kwenye chaki yangu, watu wanahesabu sekunde kwa sauti, mtu akimaliza vizuri wanampigia makofi, akimaliza vibaya wanampigia zaidi, maana walikuwa wamekwisha kuelewa kwamba hapa anayeshindwa ndiye anayeshinda. Mama Musoki alikuwa amekuja. Alikaa peke yake karibu na dirisha, mkoba magotini, na kwa uso wake nilijua hajameza kitu.

Alipoitwa nilimfunga mkanda wa kumshikia kiunoni. Alisimama mara ya tatu, mara mbili za kwanza zilimshinda. Alitembea. Kwenye kugeuka goti lilimkatalia pale pale, nikavuta mkanda kwa nguvu zangu zote, mguu wangu ukateleza kwenye chaki, na tulibaki tumesimama wawili tumeshikana. Akarudi. Akakaa. Sekunde thelathini na nane.

Docteur Théodore alitazama fishi, akatazama mgonjwa, akatazama fishi tena. Ameandikiwa sifuri. Na fishi aliyoishika, moyo ulinipasuka nilipoiona, ilikuwa ile ya kwanza. Nilibadilisha swali kinywani mwangu tu. Kwenye karatasi sikulibadilisha. Akasoma kama lilivyoandikwa, kwa sauti ya mtu aliyezoea wazee wasiosikia vizuri:

"Mama, umeanguka mara ngapi?"

Nilifungua kinywa nimsahihishe. Mama Musoki aliinua mkono kunizuia. Alikuwa bado anahema. Aliwatazama watu wa benchi zile mbili, akamaliza kwa Mama Claire.

"Andika muzuri, docteur," akasema. "Mwezi hii nimeanguka mara ine. Na nimeanguka mara moja mu mwaka ya quatre-vingt-deux. Ile ya quatre-vingt-deux iko ku duane ya Aru, anaitwa Olivier. Andika yote."

Docteur aliandika nne, akabaki na kalamu hewani, hajui la themanini na mbili aliweke safu gani.

"Olivier?" Mama Claire akasema. "Ule mutoto ya yaya yako?"

"Yaya yangu alizala mabinti sita," akajibu Mama Musoki. "Hesabu weye mwenyewe."

Muzee Bruno ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha furaha tu, akipiga fimbo chini, na ikawashika wote, hata docteur ambaye hakuelewa nusu yake. Mama Claire hakucheka. Alisogea kwenye benchi, akapangusa nafasi kwa kitenge chake, akasema, "Kuja ukae huku, kile kiti iko ngumu." Na Mama Musoki akaenda, nikimshika, akakaa karibu naye. Mimi nililia. Sina haja ya kuficha, korido nzima iliniona.

Orodha ilisomwa saa nane. Mama Musoki alikuwa wa nne. Muzee Bruno wa pili, Mama Claire wa kumi na moja, akaingia kwa mlango wa mwisho na akamshukuru Mungu kwa sauti ambayo hakuna aliyekosa kuisikia. Nane walibaki kungoja zamu nyingine, na nilikwenda kwa kila mmoja kumfundisha namna ya kuinuka kitini na mahali pa kuweka mkono, sikumwacha mtu.

Ilibaki karatasi ya kulazwa. Nani atakayemlinda mgonjwa hospitalini? Nilimsomea, akanijibu bila kufikiri, "Mutoto yangu." Kisha akaniomba nimpigie Olivier simu. Niliweka simu kati yetu ili asikie.

"Olivier, nitalazwa Jumapili. Kuja."

"Nakuja, mama mudogo."

"Waliniuliza nani iko na mi. Nilisema mutoto yangu."

Yule mwanaume akauliza, polepole, "Mbele ya nani?"

"Mbele ya batu yote."

Jumapili nilikuwa zamu ya asubuhi. Nilifika saa moja, na kwenye benchi ya korido alikuwa amekwisha kukaa mtu wa miaka arobaini na mitatu, shati limejaa vumbi la barabara ya Aru, mfuko wa samaki kati ya miguu yake. Mfanyakazi wa usafi alikuwa anamuuliza anamngoja nani.

"Mama yangu," alisema. Yule mfanyakazi alikuwa amekwisha kupita na ndoo yake, lakini yeye akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, "Namungoja mama yangu."